Shule za Ujerumani na kalamu ya nibu: mtoto mwenye mashoto anaadhibiwa kwa kosa gani?

Wanajukwaa, habari zenu. Nimejizuia kwa muda mrefu kuliandika jambo hili kwa sababu sikutaka lionekane kuwa ni ugomvi wa mzazi mmoja na mwalimu mmoja, lakini baada ya kikao cha wazazi cha juzi nimeona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimemtupa mwanangu. Ninaishi kusini mwa Ujerumani, na binti yangu anasoma darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali. Tangu darasa la pili analazimishwa kuandika kwa kalamu ya wino yenye nibu, yaani ncha ya chuma yenye ufa, ile ya kutia katriji, kichupa kidogo cha wino, na mtoto huyu anatumia mkono wa kushoto. Wenye watoto wa mashoto huku ughaibuni nadhani wameshanielewa.

Kwa walioko nyumbani, utaratibu wenyewe uko hivi. Mtoto wa Kijerumani anaanza darasa la kwanza kwa penseli, na kwa kawaida akifika darasa la pili au la tatu wazazi wanaletewa orodha ya vifaa ambamo kalamu ya nibu imo kama kitu cha lazima. Kampuni zimeshajipanga siku nyingi: Pelikan, iliyoanzia Hannover, inauza kalamu yake ya shule, Pelikano, tangu mwaka 1960, na Lamy ya Heidelberg ina kalamu maalumu za wanaoanza kuandika. Fedha si hoja yangu ya kwanza, ingawa kwa familia yenye watoto watatu wanaozipoteza kalamu kila mara ni mzigo. Hoja yangu inaanzia kwenye kile wanachokiita leseni. Katika shule nyingi mtoto hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha anapewa jaribio dogo la kuandika, na akifaulu anakabidhiwa kadi yenye jina lake na muhuri wa shule, iliyotengenezwa ifanane na leseni ya udereva. Mwenye leseni anaruhusiwa kuiweka penseli pembeni. Asiye nayo anaendelea na penseli mbele ya wenzake, ila katika darasa la mwanangu hata asiye nayo anaandika kwa nibu, na kadi hizo zimebandikwa ukutani, kando ya ubao, ambapo mtoto anaziangalia kuanzia asubuhi hadi anapokwenda nyumbani. Jina la binti yangu halimo.

Sasa naomba tuitazame kalamu yenyewe, kwa sababu kila nikilieleza jambo hili ninaambiwa kwamba mtoto hana bidii. Kalamu ya nibu haina kitu kinachousukuma wino. Wino unashuka wenyewe kupitia mfereji mwembamba ulio chini ya nibu, hewa inapanda kwenye katriji kuchukua nafasi yake, na karatasi inaunyonya wino huo kupitia ufa wa nibu. Ndiyo maana haihitaji kukandamizwa, na huo ndio uzuri wake. Lakini nibu imeundwa ivutwe juu ya karatasi. Mtoto wa mkono wa kulia, akiandika kutoka kushoto kwenda kulia, anaivuta, na mkono wake unakwenda mbele ukiyaacha maneno nyuma yakauke. Mwenye mashoto anaisukuma, ncha inachimba nyuzi za karatasi na kukwaruza, mara nyingine inarusha vitone, na baya zaidi, kiganja chake kinapita juu ya kila neno alilotoka kuliandika. Wino wa shule wa buluu, kwa kuwa umetengenezwa uweze kufuliwa kwenye nguo, unapakazika ukiguswa kabla ya kukauka. Binti yangu anarudi nyumbani ubavu wa kiganja chake, upande wa kidole cha mwisho, ukiwa umejaa buluu hadi karibu na kifundo cha mkono.

Ili asiguse alichoandika, amezoea kuukunja mkono kwa juu ya mstari kama ndoano, na jioni analalamika kwamba kifundo kinamuuma. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo, amejitafutia mwenyewe. Na hakuna aliyemfundisha kukaa vizuri pia, jambo ambalo ndilo linaloniudhi kuliko kalamu, kwa sababu njia sahihi inajulikana na haina gharama yoyote: daftari la mwenye mashoto lilazwe mshazari, pembe ya juu ya kushoto ipande na ya kulia ishuke, mkono ubaki chini ya mstari badala ya kupanda juu yake, mwanga umjie kutoka kulia, na mtoto akae upande wa kushoto wa dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake. Nilipokwenda darasani siku ya wazazi nilimkuta amekaa upande wa kulia wa mtoto anayetumia mkono wa kulia. Viwiko vyao vinagongana siku nzima, na kila vikigongana nibu inachora mstari juu ya herufi. Mwalimu aliyesomea kazi hii anasahihisha doa lakini haoni kiti.

Nimefanya yote ambayo mzazi angefanya. Nilimnunulia kalamu ya mashoto, ile yenye herufi L, ambayo sehemu ya kushikia imechongwa kufuata vidole vya mkono wa kushoto. Imemsaidia kushika kalamu vizuri, wala silikatai hilo, ila kalamu ya mashoto haikaushi wino. Nikamnunulia pia kalamu ya kufutia, maana bila hiyo mtoto wa shule ya huku anajiona hajakamilika. Kwa wasioifahamu, ina ncha mbili: moja ina dawa inayoifanya rangi ya wino isionekane, na ya pili ina wino mwingine wa buluu wa kuandikia juu ya mahali palipofutwa, kwa kuwa wino wa kawaida ukirudishwa hapo dawa inaula tena. Kwa hiyo mtoto anayepakaza neno moja anaweka kalamu chini, anafungua ya kufutia, anafuta, anasubiri pakauke, anaigeuza, anaandika upya, kisha anarudi kwenye nibu. Mfikirie mtoto huyo kwenye imla. Mwalimu ameshafika sentensi ya tatu, yeye bado anaokoa neno la sentensi ya pili, na karatasi imeanza kuota manyoya kwa kusuguliwa. Ninalo mbele yangu daftari lenye imla ambayo hakukosea tahajia ya neno hata moja, la Kijerumani, lugha ambayo si ya mama yake, na chini ya ukurasa mwalimu hakuandika lolote kuhusu tahajia. Ameandika kwa wino mwekundu kwamba kazi ni chafu.

Kwenye kikao mwalimu alitoa hoja moja ya maana, na ninaiheshimu. Alisema kwamba peni ya kawaida, tunayoiita biki, ina wino mzito ambao hautoki bila kukandamizwa, na kwamba mtoto anayeanza nayo anazoea kubana kalamu mpaka vidole vinabadilika rangi, ilhali nibu inamfundisha mkono mwepesi. Ni kweli, na kwa mtoto wa mkono wa kulia anayeipenda kalamu hiyo sioni sababu ya kumnyima. Lakini nani aliyesema kwamba lazima tuchague kati ya nibu na biki tu? Penseli laini haihitaji nguvu. Zipo peni za gololi zenye wino mwepesi ambazo hazihitaji kukandamizwa, na miongoni mwake zipo zinazokauka upesi, na ndizo shule nyingine humu humu Ujerumani zinazoziruhusu kwa wanaoanza. Nilipouliza kwa nini shule yetu isifanye hivyo, nilijibiwa kwamba huo ndio utaratibu na watoto wote wanatendewa sawa. Kumpa kila mtoto kalamu ileile huku ukijua kwamba mmoja wao itamwangusha kwa sababu ya mkono aliozaliwa nao si usawa, na nilimwambia hivyo mbele ya wazazi wenzangu.

Nikarudi nyumbani nikatafuta huo utaratibu umeandikwa wapi. Elimu ya Ujerumani iko mikononi mwa majimbo 16, na mwaka 2004 mawaziri wa elimu wa majimbo hayo walikubaliana juu ya viwango vya somo la Kijerumani kwa shule za msingi. Kuhusu mwandiko, kinachotakiwa ni mtoto awe na mwandiko unaosomeka vizuri na aandike kwa wepesi. Hayo mawili tu. Hata umbo la herufi zenyewe Wajerumani hawajawahi kulifanya kuwa moja: kuna mwandiko wa kuunganisha uliowekwa Ujerumani Magharibi mwaka 1953, nchi ilipokuwa imegawanyika, kuna uliowekwa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, ukafuata uliorahisishwa wa miaka ya 1970, na kuanzia mwaka 2011 ukaja mwingine ambao mtoto anaanza na herufi zilizoachana kisha anaziunganisha kwa kadiri mkono wake unavyozoea. Nchi ambayo imeweza kuruhusu tofauti zote hizo katika herufi inashindwaje kumruhusu mtoto mmoja abadilishe kalamu? Ufaransa, ambayo walimu wake wanaipenda nibu pengine kuliko Wajerumani, iliruhusu biki shuleni mwaka 1965, na watoto wa Kifaransa wameendelea kuandika mwandiko wa kuunganisha hadi leo, wengi wao bado kwa nibu, bila mwenye kalamu nyingine kuitwa mchafu.

Kuna jambo moja lililonifanya nishindwe kulala, na ndilo lililonileta hapa. Jioni moja nilimkuta binti yangu chumbani kwake anafanya mazoezi ya kuandika kwa mkono wa kulia, kwa siri, akiwa amejaza ukurasa mzima wa herufi zilizopinda. Aliniuliza kama akiuzoea huo mkono atapata kadi. Wenye umri wangu mnajua nyumbani tulikotoka mkono wa kushoto ulitendewaje. Mjomba wangu alifungwa kitambaa mkononi alipoanza shule ili asiutumie, na kuna wengi waliochapwa kwa rula juu ya vidole. Ujerumani nayo iliwalazimisha watoto wenye mashoto wahamie mkono wa kulia kwa miongo mingi, kisha ikaacha, na leo hakuna mwalimu wa huku atakayethubutu kumwamuru mtoto abadilishe mkono. Hakuna aliyemwamuru mwanangu. Ukuta wenye kadi umefanya kazi ya kile kitambaa, tena kwa upole unaomfanya mtoto aamini kwamba wazo ni lake. Karibu mtu mmoja katika kila kumi duniani anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo darasa la watoto 25 lina kawaida ya kuwa na wawili au watatu. Hawa si watoto wa kubahatika kuwapo ambao shule inaweza kusema haikuwatarajia.

Mama yangu, nilipomweleza kwa simu, alishauri mtoto ahamishiwe mkono wa kulia yaishe. Ninamheshimu mama, lakini katika hilo sitamtii.

Najua watakuja wa kusema kwamba nyumbani kuna watoto wanaokaa sakafuni na wengine wanagawana kitabu kimoja, na mimi ninalia kuhusu wino. Nimesoma katika madarasa hayo, hakuna haja ya kunikumbusha. Tulianza kwa penseli, tukaingia kwenye biki, na tulipofika kwenye mitihani ya taifa tulichotakiwa ni kuandika kwa wino wa buluu au mweusi na kuchora kwa penseli. Hakuna msimamizi aliyeuliza wino huo unatoka kwenye kalamu ya aina gani. Mwandiko wangu unasomeka, na wa wenzangu wengi pia, kwa sababu mwalimu alipita dawati kwa dawati akituonyesha herufi inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwanangu hajaonyeshwa hivyo, ila amepewa kifaa kizuri na kuachwa apambane nacho.

Ninaandaa barua kwa mwalimu mkuu nitakayoipeleka wiki ijayo, na nakala kwa wawakilishi wa wazazi wa darasa. Ninaomba binti yangu aruhusiwe kuchagua kalamu inayokauka haraka, ahamishwe kiti, aonyeshwe namna ya kulaza daftari, na asipunguziwe sifa kwa sababu ya madoa pale ambapo tahajia na maumbo ya herufi ni sahihi. Ninaomba pia kadi zishushwe ukutani, za watoto wote, kila mtoto aitunze yake kwenye mkoba. Wanaotaka kuendelea na nibu waendelee, sina ugomvi nao.

Ninachohitaji kwenu ni hiki. Wazazi mlioko Ujerumani, Austria au Uswisi ambao mmewahi kuandikia shule kuhusu suala hili, tafadhali nielezeni mlijibiwaje, na kama mwalimu mkuu alikataa, mlikwenda ngazi gani baada ya hapo. Walimu mliomo humu, hasa mnaofundisha madarasa ya chini, niambieni mnawakalisha wapi watoto wenye mashoto na mnawapa kalamu gani. Na kama kuna mtu mzima mwenye mashoto aliyesoma huku na kupitia leseni hiyo, ningependa sana kusikia alivyoivuka, nimsomee binti yangu.