Kocha wetu, vunja ule ukuta wa 6-0, wasichana wanaumia bure

Wandugu wa Lubumbashi, nimenyamaza msimu mzima, leo sinyamazi tena. Ekipi yetu ya wasichana ya handiboli imefungwa tena Jumapili kule Katuba, na imefungwa vilevile kama mechi zilizotangulia. Mpinzani anaruka akiwa mita tisa kutoka golini, anarusha anavyotaka, mabeki wetu wamegandia mstari wa mita sita, golikipa anahangaika peke yake. Halafu kocha anamgeukia golikipa na kumfokea mbele ya watu wote, mama yake mzazi akiwa amekaa hapohapo pembeni ya tereni! Yule mtoto hana kosa lolote. Shuti isiyozibwa na mtu kutoka umbali ule, nani angeidaka? Anastahili kuombwa msamaha.

Kosa liko kwenye mpangilio. 6-0 ni wachezaji wote sita kujipanga kando ya mstari wa mita sita. Sibishi kwamba ni ulinzi mzuri: pivo, yule mshambuliaji anayesimama katikati ya mabeki karibu na goli, anakosa nafasi, mawinga wanabanwa, na hauchoshi sana. Lakini una masharti yake. Wawili wa katikati lazima wawe warefu, wenye mabega, wanaojua kuinua mikono kwa pamoja, na wanaotoka hatua mbili tatu kumkumba mrushaji kabla hajaruka, kisha wanarudi haraka kuziba mahali walipotoka. Sisi pale katikati tumeweka nani? Namba 4 na namba 11, wafupi kuliko wote, wenye miguu myepesi. Namba 8, mrefu wetu pekee, amesukumwa pembeni kabisa kumlinda winga ambaye Jumapili hata mpira alikuwa haletewi. Kwa nini alete­we, wakati katikati ni wazi?

Mama mmoja alimuuliza kocha kwa heshima kabisa: “Baba kocha, huyu mrefu asingekaa katikati?” Akajibiwa: “Mama, enda upike bukari.” Mama huyo amecheza handiboli miaka mingi hapa mjini kabla kocha hajashika filimbi. Ni aibu.

Na angalieni kinachofuata. Kwa kuwa wanaanzia nyuma mno, kila mara wanamfikia mrushaji akiwa tayari hewani. Wanamvuta mkono, wanamsukuma, dakika mbili nje. Mwingine anakanyaga ndani ya eneo la golikipa ili azuie, inakuwa penalti ya mita saba. Mtu akitolewa dakika mbili mara ya tatu, ni kadi nyekundu, hachezi tena. Tumempoteza namba 11 hivyohivyo, halafu kocha anasema wasichana hawana nidhamu. Nidhamu gani, wakati umewapanga mahali ambapo hawana njia nyingine ya kuzuia?

Suluhisho tunalo, halihitaji hata franga moja. Ni 5-1. Watano wanabaki nyuma, namba 8 akiwa katikati yao, na namba 4 anatolewa mbele, mita nane au tisa, amkabili yule anayegawa mipira. Si lazima anyang'anye mpira. Akate njia ya pasi tu, mpira usihame kutoka kushoto kwenda kulia kwa raha. Mpinzani akishindwa kupitisha, anaanza kuzungukazunguka, mwamuzi anainua mkono kuonya kwamba wanapoteza muda, na tangu Julai 2022 baada ya onyo hilo wanabakiwa na pasi nne tu. Zamani zilikuwa sita. Sheria yenyewe imemwongezea nguvu anayekaba kwa bidii, na sisi hatujawahi kuitumia!

3-2-1, yaani watatu nyuma, wawili mbele yao na mmoja mbele kabisa, siombi kwa sasa. Huo unadai mazoezi mengi, mmoja akichelewa tu pivo anabaki peke yake na golikipa.

Kocha husema ulinzi wa kusogea mbele ni mambo ya Wazungu wenye pumzi. Uongo. Algeria ilichukua ubingwa wa Afrika wa wanaume mara tano mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1989, na kocha wao wa miaka ile ya 80, Mohamed Aziz Derouaz, alijulikana kwa ulinzi huo wa kusogea mbele kumfuata mpinzani. Pumzi inatafutwa mazoezini. Lakini mazoezi yetu ni kuzunguka tereni kwenye jua la Oktoba, basi. Kutembea kwa ubavu, kupokezana mchezaji, kuitana “wangu, wako”, hakuna anayewafundisha.

Walio kwenye kamati najua mnasoma humu. Jumapili ijayo tunakutana na ekipi ya Ruashi, nao wana msichana wa kushoto anayeruka juu kuliko yeyote tuliyecheza naye msimu huu. Mwenye namba ya mtu wa kamati amfikishie haya kabla ya mazoezi ya Jumatano.