Naomba ushauri: mwenye nyumba ameng'oa mlango kwa sababu ya deni la kodi

Ndugu zangu wenye ujuzi wa sheria, nimepanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam, na ninadaiwa kodi ya miezi miwili, deni ambalo silikatai. Juzi mwenye nyumba, bila notisi ya maandishi wala amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba, aling'oa mlango wa sebuleni, akaubeba begani watoto wakitazama, akaapa kwamba mwisho wa mwezi vyombo vyangu vitalala nje. Mjumbe anasema tuelewane tu, ushauri rahisi kwa mtu mwenye mlango.

Je, nianze kwa kuripoti vitisho hivi polisi, au niende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio? Nakala ya mkataba, tuliousaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ninayo.