Je, uzee wenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu cha mapafu?

Mkazi wa Igombe, Mwanza
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yangu ana miaka 71, ana kisukari cha muda mrefu, na ujanani alichimba dhahabu katika maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya Geita. Tangu mwezi uliopita anakohoa, anachoka upesi na nguo zinampwaya, ingawa hana homa wala hajakohoa damu. Ndugu wanasema ni uzee tu na vumbi la zamani. Je, anaweza kuwa na kifua kikuu ilhali hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuugua?

Tabibu, Magu
Pole kwa kumuuguza mzee. Anaweza, kwa sababu takriban robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa na vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, na kwa wazee ugonjwa mara nyingi huanzia kwenye vimelea vilivyoingia miaka mingi iliyopita, ambavyo kinga ilividhibiti hadi yenyewe ilipopungua nguvu. Kisukari huongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu. Sigara, pombe nyingi, lishe duni, ugonjwa wa figo na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi nazo huchangia, na vilevile VVU, ambavyo wazee wengi hawapimwi kwa kuwa watu huona haya kuwauliza.

Tafadhali usisubiri homa wala damu, kwani kwa umri huo dalili hizo mara nyingi hazijitokezi, na kinachoonekana ni kukonda, uchovu na kukosa hamu ya kula. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kumpeleka kituo cha afya akapimwe makohozi.

Mchimbaji mstaafu, Geita
Mwanangu, hilo vumbi usilipuuze. Vumbi la mawe, hasa la kuchoronga (kutoboa miamba) na la kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, huacha makovu mapafuni, ugonjwa uitwao silikosisi, na mapafu ya namna hiyo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi hata miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi. Mweleze daktari kazi aliyoifanya, maana mzee mwenyewe hatasema asipoulizwa, na uombe apigwe picha ya eksirei ya kifua.

Mkazi wa Igombe, Mwanza
Ahsanteni sana, nitampeleka kesho asubuhi. Akikutwa nacho, ataendelea na dawa za kisukari? Analala chumba kimoja na wajukuu wawili wadogo.

Tabibu, Magu
Ataendelea, lakini rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari na vya shinikizo la damu, kwa hiyo nenda na dawa zake zote ili dozi zipangwe upya. Tiba ya kawaida ni ya miezi 6 na hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa mzee, macho yakigeuka manjano au akitapika mara kwa mara, arudishwe kituoni mara moja kwa sababu ini huweza kudhurika. Wajukuu wahamie chumba kingine leo hii na madirisha yaachwe wazi. Ugonjwa ukithibitika, nao wakachunguzwe, kwani watoto walio chini ya miaka 5 wasiokutwa na ugonjwa hupewa dawa za kinga.