Nakabwa usiku, mke kanihamia chumba cha watoto. Nitoe hiyo elfu 15 ama niende hospitali?

MtuWaZamu_Mlaleo
Assalam aleikum na habari zenu wote. Mie humu husoma nikapita lakini hili limenishinda, naomba mnivumilie ni refu kidogo.

Nina miaka 31, nakaa Kisauni huku Mlaleo na mke na watoto wawili, kazi yangu ni ya bohari kule Changamwe, wiki tatu zamu ya usiku wiki moja mchana halafu twarudia tena. Sasa kama mwezi hivi nimerudi asubuhi saa mbili nimechoka nikajitupa kitandani chali, feni yazunguka juu, usingizi ukanichukua. Mara nikaamka, macho wazi kabisa, naona feni, namsikia mama mwenye nyumba nje afagia na ufagio wake wa chelewa shwaa shwaa, nasikia watoto wagombania ndoo hapo mferejini. Nataka kugeuka sigeuki. Mkono hauendi, mguu hauendi, mdomo hauendi. Halafu hapo kwenye mtungi wa maji karibu na mlango kasimama mwanamke wa buibui jeusi, hana uso, yaani pale penye uso ni kiza tu. Akaja polepole akanikalia kifuani. Wallahi pumzi ilikata. Nikajaribu kusoma Ayatul Kursi ulimi mzito kama umefungwa jiwe. Mke wangu alikuwa jikoni asema alisikia nalia mmmh mmmh kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, alipokuja kunigusa bega tu yote yakaisha, nikakaa nimelowa jasho.

Nkasema ni uchovu. Wiki ya pili ikaja tena, na juzi ikaja usiku siku yangu ya ofu, mwanamke yule yule.

Mama mkwe kasikia, kanipeleka kwa mganga, mganga asema ni jini mahaba, ati ananitaka, na kumtoa ni elfu 15 na kuku mweupe. Pesa ni kodi ya nyumba hiyo jamani. Na kibaya zaidi tangu neno mahaba litajwe mke wangu kanuna, aniuliza "afanana na nani huyo?" Nimjibu nini na sura sikuiona! Sasa alala na watoto, mie nalala peke yangu na ndiyo nazidi kuogopa. Nifanyeje?

BintiKuze
Pole kaka. Hilo ni jinamizi, bibi yangu alikuwa akituambia tusilale chali tutakabwa, nasi twacheka. Mie lilinikamata nikisomea mtihani wa kidato cha nne, silali, mpaka karatasi ya mwisho ilipoisha likaenda zake. Mkeo naye akuonee huruma lol.

Mkorofi_wa_Likoni
Swali moja tu, buibui la kisasa ama la kamba la zamani? Tujue jini ni wa rika gani 😂

MtuWaZamu_Mlaleo
@Mkorofi wewe cheka tu, leo usiku alale kwako.

Mtu_Pemba
Msicheke sana. Mie kwetu Pemba, 1995 nilikuwa mtoto wakati wa Popobawa, lile dubwana lililosemwa huvamia watu usiku wamelala. Watu walihama vyumbani wakalala nje uani familia nzima wamezunguka moto, baba mzima ameshika panga hana hata usingizi. Na waliosimulia walisema yayo hayo ya huyu ndugu, waamka hawawezi kusogea, kitu kizito juu ya kifua, chumba kimejaa mtu. Sisemi hakukuwa na kitu, sisemi kulikuwa nacho. Lakini nakumbuka kila hofu ilivyozidi ndivyo na waliokabwa walivyozidi, na watu walikuwa hawalali wiki nzima.

Bi_Nesi
Mwanangu MtuWaZamu, mie ni nesi, nimefanya zamu za usiku miaka 22 na hilo jinamizi nalijua kwa mwili wangu si kwa vitabu tu. Hebu kwanza niambie ukweli, kazini unakaaje macho? Watafuna? Wanywa nini?

MtuWaZamu_Mlaleo
Shikamoo Bi Nesi. Muguka natafuna, yale majani jamii ya miraa, sikufichi, kuanzia saa nne usiku mpaka kumi alfajiri. Na nikishuka matatu asubuhi napita kwa mzee wa kahawa tungu, vikombe viwili vitatu na kashata, ndiyo naingia nyumbani.

Bi_Nesi
Marahaba. Basi hapo ndipo penye huyo mwanamke wako.

Sikiza. Usingizi hauendi sawa usiku kucha, unazunguka, kila dakika 90 hivi unaingia awamu ya ndoto, macho yachezacheza chini ya kope. Awamu hiyo ubongo unazima misuli ya mwili makusudi, ili ukiota unakimbizwa na mbwa usije ukaruka kitandani ukavunja meno. Yanayobaki kufanya kazi ni macho na msuli mkuu wa kupumua. Sasa wewe ambaye usingizi wako umevurugwa mara usiku mara mchana, ubongo unaamka na mwili bado umezimwa. Ndiyo maana ulisikia ufagio wa kweli na watoto wa kweli, ulikuwa macho kweli, ila ndoto nayo haijaondoka, imeingia ndani ya chumba chako ikavaa buibui. Na kule kukaliwa kifuani, awamu ya ndoto pumzi huwa fupi, wewe wataka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu misuli haikutii, unahisi kuna mtu juu. Hofu nayo haihitaji kualikwa. Huchukua sekunde hadi dakika chache halafu mwili unarudi wenyewe, hata asiyeguswa na mtu hurudi.

Si wewe peke yako. Kuna watafiti 2011 walikusanya tafiti 35 za zaidi ya watu 36,000 wakakuta karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida yamewapata japo mara moja maishani, wanafunzi wao ni zaidi, asilimia 28 (BintiKuze umejisikia). Wajapani wana jina lao la hali hiyo, na huko Ulaya mchoraji Fuseli alichora 1781 mwanamke amelala chali na kijitu kimemkalia kifuani. Huyo hakuwahi kufika Kisauni wala hakuwa na deni la mganga.

Muguka ina kathinoni, inafukuza usingizi, halafu unaongeza kahawa saa mbili asubuhi ndiyo wataka kulala saa tatu. Utalala kweli, lakini usingizi wa vipande vipande. Acha kahawa ya asubuhi kwanza, hiyo ndiyo rahisi. Muguka punguza, usitafune baada ya saa sita usiku. Lala ubavu. Dirisha tia pazia zito, na siku ya ofu usijikeshe ukaja kulala saa tisa usiku. Likija usipigane nalo, ukipigana hofu yapanda, wewe cheza kidole cha mguu ama zungusha macho na pumua ulivyo.

Nijibu na haya: ukicheka sana magoti yalegea? Mchana usingizi wakukamata ghafla hata ukiwa umesimama? Mkeo asema wakoroma halafu pumzi yakatika? Kama lipo hata moja nenda hospitali ya serikali uwaeleze hivi hivi, hayo yana matibabu yake. Na likikujia mara kwa mara kila wiki nenda pia.

Mwana_wa_Mwembe_Tayari
Hiyo muguka si ilipigwa marufuku Mombasa 2024? Mahakama ikasimamisha amri watu wakarudi kutafuna siku hiyo hiyo, basi matokeo ndiyo haya.

Mama_Zuu_Bamburi
Mie sikubali yote ya Bi Nesi, atusamehe. Majini yametajwa, yapo. Dadangu alikabwa miaka mitatu, hospitali ikashindwa, kombe, zile aya zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji akanywa, ndilo lililomponya. Usidharau.

Maalim_Mji_wa_Kale
Bi Zuu hakuna aliyesema hayapo. Lakini si kila usiku mgumu ni jini. Kijana, soma Ayatul Kursi, Ikhlas na Falaq na Naas kabla ya kulala, lala kwa ubavu wa kulia, hiyo ni sunna na Bi Nesi naye amekwambia ubavu, hamjagombana. Kombe ukitaka njoo utaandikiwa kwa zafarani bure. Anayekutajia elfu 15 na rangi ya kuku, huyo muache na kuku wake.

MtuWaZamu_Mlaleo
Magoti hayalegei, mchana sikamatwi, kukoroma mke asema nakoroma kawaida tu "kama pampu". Pesa sijatoa. Asanteni, wacha nijaribu.

Mkorofi_wa_Likoni
Shona mpira wa chandimu mgongoni mwa fulana, ukilala chali wakuamsha. Sasa hivi sifanyi mzaha, ndugu yangu alifanya.

MtuWaZamu_Mlaleo (baada ya wiki tano)
Wenzangu narudi kutoa habari. Kahawa ya asubuhi nimeacha, hiyo ilinitoa machozi kuliko muguka, mzee wa kahawa adhani nimehama mtaa. Muguka nimepunguza sijaacha, nisiwadanganye. Mpira wa chandimu nilijaribu siku mbili mgongo ukauma nikautoa. Mama mkwe bado ananiangalia kwa jicho la upande.

Mke nilimsomea maneno ya Bi Nesi yote kwenye simu, aliposikia Mzungu wa 1781 naye alimchora akanyamaza, usiku huo akarudi na mto wake. Tukapatana akisikia ile mmmh anivute kidole gumba cha mguu.

Limekuja mara moja tu tangu hapo, juzi alfajiri. Nikaona kiza kimesimama pale kwenye mtungi, sikupigana, nikawa nahangaika na kidole changu tu. Nikahisi mguu wavutwa, mwili ukafunguka. Mke hata macho hajafumbua, aniuliza "amekuja?" Nkamwambia amekuja. Akavuta shuka, "mwambie kitanda kimejaa."