Maksai wa kwanza wa Nane Nane Mbeya: Usangu, ranchi, Rungwe au mnadani? Na mfugaji mwenyewe unamwendeaje?

Kijana wa Igawilo
Wakuu habari za jioni, shikamooni wale mnaostahili. Nipo Mbeya hapa Igawilo, nina mpwa wangu kamaliza fomu foo yuko tu nyumbani na mifugo anaijua kuliko mimi, sasa tumekubaliana mwaka huu tupeleke maksai mmoja (dume aliyehasiwa) kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane mwezi wa nane, pale viwanja vya John Mwakangale, ng'ombe wa nyama siyo wa maziwa. Hatujawahi kabisa. Tulionao ni wawili wa maziwa wanakula bandani basi. Bajeti ya kununua isizidi milioni (m) 1.3, chakula ni hesabu nyingine.

Kichwani nina njia nne: twende Usangu huko Mbarali kwa wafugaji wa asili, tutafute Borani wa ranchi, tuchukue dume la Frizian Rungwe kwa bei chee tulihasi, au mnadani tukachague kwa macho. Ipi inamfaa anayeanza? Na swali la pili naona aibu kidogo, hivi mfugaji mkubwa asiyekujua unamwendeaje, unaanza na neno gani? Wiki iliyopita tulikwenda kwa mzee mmoja upande wa Igurusi, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi na maksai anauzaje, akatikisa kichwa tu akaingia ndani. Tukarudi na nauli imekwisha.

Mnyalu Halisi
Kamwene. Mnadani futa kabisa, hilo nakwambia kwa machungu yangu. Mwaka juzi nilinunua dume mnadani (mnada wenyewe siutaji), linapendeza, tumbo limejaa, limesimama kama kondoo wa Krismasi. Kumbe limetembea siku mbili limechoka, likalambishwa chumvi likanyweshwa maji ndo maana tumbo limekaa vile. Nyumbani lilipopumzika siku ya tatu likavunja boma, likamrusha shemeji yangu kwenye mfereji, na baada ya wiki lile tumbo halipo, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Yule niliyenunua kwake simu haipatikani mpaka leo. Mnada ni wa watu wa nyama wanaopakia fuso kwenda Pugu, wao haiwahusu kama ng'ombe ana tabia au hana. Wewe wa kumshika kamba mbele za watu inakuhusu.

Bwana Pumba
Uzi mtamu, navuta kigoda.

Mama Maziwa Tukuyu
Huku Rungwe madume tunauza kweli na bei ni ya chini, sababu ndama dume anakunywa maziwa ambayo ni hela, ukimkuta ana mwezi mmoja mwenyewe anakuona mkombozi. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: wamezaliwa bandani, watoto wanawashika masikio, kamba ya kichwa hawaiogopi. Maksai wa Frizian wa hapa nyumbani ningeweza kumpitisha katikati ya sokoni Tukuyu siku ya gulio.

Ila umbo sasa. Frizian anarefuka kabla hajajaa, nyonga zinatokeza kama vibanio vya nguo, na nyama ya nyuma inakuja taratibu mno na kwa chakula kingi. Afu kuna hesabu ya miezi, sasa hivi ni Februari, ukichukua ndama leo Agosti bado ni ndama. Unahitaji mwenye mwaka na nusu hivi tayari, na wa umri huo huku ni adimu maana wengi wameshakwenda buchani. Kumpata siyo haiwezekani, pitia wale wanaokusanya maziwa asubuhi, wao wanajua nyumba gani ina dume. Lakini mwanangu usije kwa sababu ya bei tu.

Mzee wa Vitalu
Kwa nyama ni Borani, tusizungushe. Asili yake ni kusini mwa Ethiopia, ana nundu, anavumilia ukame na akilishwa anajaa mgongo na paja kweli, siyo tumbo. Zebu wetu wa kawaida akikomaa ni kilo 250 mpaka 350 hivi, maksai wa Borani aliyelishwa anazipita hizo akiwa bado kijana. Ranchi za NARCO, ile kampuni ya ranchi ya serikali, zimekuwa zikiwafuga miaka yote, kwa kanda yetu kuna Kalambo huko Rukwa, na kuna watu binafsi waliokodi vitalu.

Sasa ranchi huendi na salamu za kitongoji. Unaandika barua au unapiga simu ofisini, unasema nataka maksai mmoja wa umri huu kwa ajili ya maonyesho, unapewa siku, unakuta mzani, unalipa kwa kontrol namba. Safi haina maneno. Tabu yake ni mbili, mmoja mmoja hawapendi kuuza, wanataka uchukue kundi, na wale ng'ombe wamekulia porini wanamwona mtu siku ya kuogeshwa tu. Ukimchagulia kwenye krashi (kile kichochoro cha kubania ng'ombe) amebanwa huwezi jua akifunguliwa atakuwaje. Niliwahi kumfundisha mmoja kamba kwa wiki sita na bado alikuwa akisikia bodaboda anaondoka na mimi.

Kijana wa Igawilo
Kalambo kwa m 1.3 na usafiri juu hapo naona tayari nimefeli. Vipi Usangu basi, kuna mtu wa kule?

Ng'wana Mbarali
Nipo. Mwangaluka wote. Nimezaliwa zizini huku kwa hiyo nikuambie ulipokosea kwa yule mzee, na usinune.

Ulimuuliza ana ng'ombe wangapi. Huku hilo swali ni kama nikuulize mbele ya wake za watu una shilingi ngapi benki. Afu ukumbuke mwaka 2006 wafugaji waliondolewa bonde la Ihefu hapa Usangu, watu wakaswaga ng'ombe mpaka Lindi huko, wengine walimaliza kundi njiani. Toka hapo mgeni wa mjini akija na simu mkononi anauliza idadi, mzee anaona mtu wa kodi au wa operesheni. Na mlishapiga picha nadhani?

Kijana wa Igawilo
Mpwa alipiga mbili 😅

Ng'wana Mbarali
Basi. Sikiliza sasa. Usianzie zizini, anzia duka la dawa za mifugo, Chimala au Rujewa, kaa pale muulize muuzaji nani ananunua dawa ya kuogesha kila wiki bila kukopa na nani huwa anakuja kuulizia chanjo kabla mifugo haijaanza kufa. Yule wa duka anawajua wote, kwake huwezi kudanganya kuhusu kundi lako. Atakutajia watu wawili watatu. Omba akupigie simu yeye, au mpitie mwenyekiti wa kitongoji muende naye.

Fika saa 12 asubuhi kabla hawajafunguliwa, au jioni wakirudi. Saa nne unakuta zizi na mavi tu. Salimia, kaa unapoonyeshwa, ukipewa maziwa ya mgando kunywa hata kama hupendi, ongelea mvua na majani. Atakuuliza mwenyewe umefuata nini. Hapo sema ukweli wote, mimi ni wa Igawilo, nina kijana, tunataka maksai wa kupeleka Nane Nane watu wamwone, hela yangu ni kiasi fulani. Wengi wanafikiri ukitaja maonyesho bei inapanda. Kwa baadhi inapanda kweli, ila mzee mwenye kujivunia ng'ombe wake ukimwambia bandani utasema huyu katoka kwa fulani, anaanza kukuonyesha ambao hakupanga kuuza.

Omba kumwona mama yake, na baba kama yupo, na ndugu zake waliomtangulia. Maksai ana mwaka mmoja na nusu huwezi jua atafika wapi, ila kaka yake wa miaka minne amesimama pale pale, mtazame huyo.

Na kijana anayechunga usimpite, huyo ndo mwenye habari. Baba anajua nani mama yake nani, mtoto anajua nani anapiga teke. Mwaka jana nilimpeleka jamaa mmoja, mzee akawa anasifia dume jekundu refu. Dogo mchungaji kanyamaza, akaweka chumvi kiganjani akatembea katikati ya kundi. Lile jekundu likapuliza pua likarudi nyuma. Maksai mmoja mweusi wa madoa, mfupi kidogo, akaja mwenyewe, masikio yamelala, akaramba mpaka kwenye kiwiko, na dogo akamshika pembe akamgeuza kichwa kushoto na kulia kama anafungua bomba. Yule jamaa akachukua mweusi. Mzee kwanza alisema huyo siuzi, akamuuza safari ya pili, laki tisa na nusu. Safari ya kwanza huwa siyo ya kununua huku, ujue na nauli hiyo uiweke.

Mzee wa Vitalu
Umeongea vizuri kijana ila huyo mweusi mfupi wa madoa akisimama karibu na Borani bandani ataonekana ndama wa jirani.

Ng'wana Mbarali
Mzee wangu, siku hizi huku kuna watu wamenunua madume ya Borani kutoka huko huko kwenu wakapandisha majike yao, krosi (machotara) zipo tele. Ndo maana nasema tazama baba yake.

Mzee wa Vitalu
Hapo nimekubali. Krosi ya Borani aliyekulia mikononi mwa watu ningemchukua hata mimi.

Dokta wa Kata
Naongeza ya kwangu, mimi ni afisa mifugo ila si wa Mbeya mjini.

Kabla ya yote nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri yako uulize mwaka huu wanapokea wanyama wa aina gani na masharti yao, maana unaweza kununua maksai ukakuta nafasi ni za mitamba na madume ya mbegu.

Kipimo. Usinunue kwa macho na usikubali "huyu ana kilo mia nne". Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, pima pia urefu toka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 10,840, unapata kilo. Mfano kifua sm 160 na urefu sm 130 ni kama kilo 307. Kwa pumba, mashudu ya alizeti, majani makavu mazuri na madini, tegemea nusu kilo mpaka robo tatu kwa siku, kwa siku 180 ni kilo 90 mpaka 135. Anayekuahidi zaidi ya hapo anauza chakula.

Meno mfungue mdomo mwenyewe. Meno mawili makubwa ya mbele yakishatoka ana kama miaka miwili. Uliza alihasiwa lini, aliyechelewa kuhasiwa shingo inabaki ya fahali na ubishi wake. Kama bado, ahasiwe kwa budizo (koleo la kuhasi bila kukata) na mtaalamu mapema, siyo mwezi Julai.

Sasa lililonishtua. Una ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Maksai wa Usangu amekua na kupe, ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kwake ni kama mafua aliyowahi kuugua, lakini anaweza kuubeba ugonjwa na kupe wakauhamishia kwa Frizian wako ambao hawana kinga hiyo. Muogeshe kabla hajapanda gari, kagua ndani ya masikio na chini ya mkia, ukifika mtenge mwezi mmoja mbali na wale wawili, na wao endelea kuwaogesha. Ukiona tezi imevimba chini ya sikio na homa piga simu siku hiyo hiyo. Na ukitoa ng'ombe baridi ya Makete ukampeleka joto la Mbarali kosa ni lile lile, tena huyo atakufa yeye. Chanjo ya ndigana ipo na ni ya mara moja, ulizia.

Kibali cha kusafirisha usikose, na hati ya mauziano muandikie ofisi ya kijiji na mashahidi, mtaje na alama au heleni aliyonayo. Kukitangazwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo hatoki mnyama, kwa hiyo usingoje Juni.

Mama Maziwa Tukuyu
Dokta asante kwa hilo la kupe, ndaga fijo, ningekuwa mimi ningemwingiza banda moja na kina mama.

Mnyalu Halisi
Hata mimi. Na huku Iringa njia ni hiyo hiyo ya duka la dawa, Pawaga na Idodi kuna wafugaji wengi tu kama Mbarali ikigoma.

Kijana wa Igawilo
Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Tumekaa duka la dawa Chimala masaa mawili mazima, tumetajiwa majina matatu, mawili kati ya hayo yalijirudia kwa mwenyekiti. Jumapili alfajiri tukaenda kwa mmoja, hatukuuliza idadi 😂 mgando nimekunywa vikombe viwili. Kuna krosi ya Borani rangi ya maziwa ya chai, meno mawili, kifua sm 152 na urefu 124, hapo napata kama kilo 264. Kaka yake mkubwa anavuta jembe na ana mgongo kama benchi la kanisani. Mpwa alimkwaruza shingoni akatulia. Mzee kasema m 1.15, mimi nikasema nitarudi, akacheka akasema najua utarudi. Jumamosi tunaenda na hela, kibali nimeshaanza kukifuatilia.

Ng'wana Mbarali
Wabeja. Mpelekee sukari kilo mbili, siyo ya kushushia bei, ni ya ule mgando. Na dogo mchungaji mpe chochote mkononi mwake, mwambie akufundishe anavyomwita, kila ng'ombe huku ana jina.

Mzee wa Vitalu
Kamba usinunue ya mkonge, inachubua nyuma ya masikio na kidonda cha hapo hakifichiki siku ya maonyesho. Tafuta laini ya pamba, mita nne. Wiki ya kwanza mfunge tu asimame, usimvute.

Kijana wa Igawilo
Anaitwa nani sasa nimesahau kuuliza, Jumamosi naanza na hilo.