Riwaya za kihistoria za Kusini na Magharibi ya Marekani: tuanze na ipi?

Mwanagenzi

Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha usomaji kimemaliza orodha yake ya riwaya za Afrika Mashariki, na sasa tumekubaliana kuhamia Marekani ya karne ya 19: Kusini ya mashamba ya pamba, na Magharibi ya walowezi na wachunga ng'ombe. Nimependekezewa vitabu vinne, navyo ni *Gone with the Wind* cha Margaret Mitchell (1936), *Beloved* cha Toni Morrison (1987), *Lonesome Dove* cha Larry McMurtry (1985) na *True Grit* cha Charles Portis (1968). Vitatu vya kwanza vyote vilipata Tuzo ya Pulitzer, kwa hiyo tuzo hainisaidii kuchagua. Naomba kujua ni kipi kinachobeba historia kwa uaminifu zaidi, kipi kinasomeka bila taabu na mtu mwenye Kiingereza cha kawaida, na kama kuna kilichoachwa ambacho hakikustahili kuachwa.

Kalamu Kavu

Ndugu Mwanagenzi, swali lako la uaminifu lina pande mbili, na Mitchell anazidhihirisha zote. Alizaliwa Atlanta mwaka 1900, akakua akisikiliza simulizi za wazee waliopigana katika jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kusini na Kaskazini, na ndiyo maana mambo ya nje ameyashika vizuri: kuanguka kwa Atlanta Septemba 1864, uhaba wa bidhaa baada ya meli za Kaskazini kuziba bandari, majina ya majenerali na njia za reli. Tatizo linaanza pale anapofika kwa watu. Watumwa wake wema ni wale wanaofurahia kubaki na mabwana zao, na Ku Klux Klan, kundi la siri la watu weupe lililowatisha na kuwaua weusi, inaletwa kama kundi la waungwana waliolazimika kulinda heshima ya wake zao. Frank Kennedy, mume wa pili wa Scarlett, mhusika mkuu, anauawa akiwa katika msafara wa kundi hilo, nasi wasomaji tunatarajiwa kumlilia. Filamu ya 1939 iliona haya ikalificha jina la kundi. Kitabu hakikuona haya. Mimi ningekisoma kama ushahidi wa namna watu weupe wa Kusini katika miaka ya 1930 walivyotaka babu zao wakumbukwe, wala si kama ushahidi wa miaka ya 1860.

Bibi Maktaba

Naunga mkono, na kwa sababu hiyo hiyo ningewaambia muanze na *Beloved*, ingawa ndicho kigumu zaidi katika vinne hivyo kwa mpangilio wake.

Kiini chake ni tukio la kweli. Januari 1856 Margaret Garner, mwanamke mtumwa wa Kentucky, alivuka na familia yake Mto Ohio ulioganda kwa baridi hadi Cincinnati, katika jimbo lisiloruhusu utumwa. Wasakaji walipoizingira nyumba alimojificha, alimuua binti yake mdogo kwa kisu kuliko kumwona akirudishwa utumwani. Wapinga utumwa wa Ohio walitaka ashtakiwe kwa kosa la mauaji, jambo linaloonekana la ajabu mpaka mtu atambue hoja yao, kwamba anayeshtakiwa kwa kuua ametambuliwa na sheria kuwa binadamu. Hawakufanikiwa. Sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850 ilitumika, akarudishwa kama mali iliyopotea na kupatikana, akauzwa Kusini zaidi, na alifariki mwaka 1858. Morrison aliikuta habari hiyo katika kipande cha gazeti la zamani alipokuwa mhariri.

Sasa tazama alichokifanya nayo. Sethe, mama wa riwaya aliyebuniwa kutokana na Garner, harudishwi utumwani. Anabaki Cincinnati, na mwaka 1873 bado anaishi katika nyumba inayosumbuliwa na mzuka wa binti aliyemuua. Tukio lenyewe linasimuliwa kwa mara ya kwanza kupitia macho ya wale waliokuja kumkamata, watu wanaopiga hesabu ya hasara wakiwa wamesimama mbele ya damu. Baadaye Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja naye, asiyejua kusoma, anaoneshwa kipande cha gazeti chenye picha ya Sethe, naye anashikilia kwamba mdomo ule si wa Sethe. Haya, mwambie mtu huyo kwamba gazeti ni chanzo cha historia! Kwangu hapo Morrison amesema juu ya kumbukumbu zilizoandikwa kuliko Mitchell alivyosema katika kurasa zake zaidi ya elfu moja.

Mkaa Pwani

Shikamoo Bibi Maktaba. Naomba kuongeza jambo moja kwa wanaodhani habari hizi ni za mbali nasi. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini ilipelekwa viwandani Massachusetts, na kitambaa kilichofumwa huko kilishushwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, ambao nchi yao ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu 1833 na konseli kisiwani tangu 1837. Hiyo ndiyo merikani ambayo misafara iliibeba kwenda bara kulipia posho na kununulia pembe za ndovu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapungua sokoni, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo mnapomsoma Sethe, kumbukeni nguo waliyovaa mababu zetu ilitoka wapi.

Njia Panda

Tumeisahau Magharibi. Kati ya vile viwili vya upande huo, kwa kikundi chenye Kiingereza cha kawaida ningechagua *True Grit* bila kusita. Ni kifupi, na msimulizi wake, Mattie Ross wa Arkansas, ni mwanamke mzee anayekumbuka alivyokuwa na miaka 14, alipomkodi mlinzi wa sheria aitwaye Rooster Cogburn ili amsake mtu aliyemuua baba yake pale Fort Smith. Kiingereza chake ni kamili na rasmi kama cha barua ya wakili. Hata majambazi wanazungumza kwa sentensi zilizonyooka. Someni sura anapobishana na mfanyabiashara wa farasi aliyemuuzia baba yake mafarasi madogo. Binti amefiwa juzi tu, lakini anamlazimisha mzee yule awanunue tena na kulipia farasi aliyeibwa, kwa kumtishia hatua kwa hatua kwamba atamwita wakili wake. Ni kichekesho, lakini pia ni somo la jinsi watu wa mpakani walivyoishi kwa mikataba na kesi, si kwa bastola peke yake. Jaji Isaac Parker anayetajwa humo alikuwapo kweli, na alisimamia mahakama ya Fort Smith kuanzia 1875 hadi 1896.

*Lonesome Dove* ni safari ndefu kwa kila maana: kurasa zaidi ya 800, na ng'ombe wanaoswagwa kutoka mpaka wa Texas na Mexico hadi Montana. Mwanzo wake unakwenda taratibu, lakini msikate tamaa kabla ya kufika mto ambamo kijana mgeni kutoka Ireland anavamiwa na nyoka wa majini. Baada ya hapo hamtakiweka chini.

Kalamu Kavu

Ndugu Njia Panda, nakubali kuhusu utamu wake, ila McMurtry mwenyewe aliwahi kukifananisha kitabu hicho na *Gone with the Wind*, na sidhani alikuwa anajisifu. Mchukulieni Deets, mchunga ng'ombe mweusi. Maneno yanayochongwa kwa ajili ya kaburi lake (mnisamehe mliotaka kuyafikia wenyewe) yanatokana na yale ambayo mfugaji Charles Goodnight aliyaweka kwa ajili ya Bose Ikard, mtu aliyezaliwa mtumwa na akaja kuwa tegemeo lake katika safari za ng'ombe. Ikard alikuwa na maisha yake hadi 1929. Deets anapewa uaminifu mwingi na kurasa chache za mawazo yake mwenyewe. Kusini imehamia Magharibi pamoja na mizigo yake. Hata Rooster Cogburn alipigana vita akiwa na kundi la Quantrill, waporaji wa upande wa Kusini, na Mattie analijua hilo.

Mwalimu Mstaafu

Kilichoachwa, Ndugu Mwanagenzi, ni *Fools Crow* cha James Welch (1986). Katika vitabu vyenu viwili vya Magharibi, wenyeji wa nchi ile wanaonekana zaidi kama hatari iliyoko mbele ya safari. Welch, ambaye naye alikuwa na asili ya Blackfeet, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao, anakuweka ndani ya hema zao huko Montana, na weupe ndio wanaoonekana kwa mbali, wakiongezeka kila msimu. Kurasa nyingi ni za uwindaji, uchumba na wizi wa farasi, kisha unaingia ugonjwa wa ndui, na baada yake mauaji ya Mto Marias. Haya ni ya kweli: tarehe 23 Januari 1870 wanajeshi waliishambulia kambi ya Heavy Runner, chifu aliyekuwa na hati ya amani, huku kambi waliyokuwa wakiitafuta ikiwa ni ya mtu mwingine. Kiingereza chake ni chepesi, ila majina ya watu na wanyama yatawasumbua kwa sura mbili tatu za mwanzo.

Mwanagenzi

Nawashukuru wakubwa zangu. Wapo wanaotaka pia *Blood Meridian* cha Cormac McCarthy na *The Known World* cha Edward P. Jones. Mnaonaje?

Bibi Maktaba

Cha Jones (2003) kichukueni mapema. Kinamhusu Henry Townsend, mtu mweusi wa Virginia aliyezaliwa mtumwa na akaja kumiliki watumwa. Kimejaa takwimu za sensa na marejeo ya wasomi, na mengi kati ya hayo mwandishi ameyabuni, pamoja na kaunti yenyewe ya Manchester, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Kikiwekwa kando ya *Beloved*, mtaona kwamba chenye mzuka ndicho chenye tukio la kweli, na chenye takwimu ndicho cha kubuni.

Njia Panda

*Blood Meridian* kiacheni kwa sasa. Genge la Glanton lililolipwa na serikali ya jimbo la Chihuahua, Mexico, kwa kila ngozi ya kichwa iliyochunwa kwa mwenyeji aliyeuawa lilikuwapo kweli mwaka 1849, na ukatili haukuongezwa chumvi sana. Lakini mazungumzo hayana alama za kunukuu, mengine ni Kihispania kisichofasiriwa, na sentensi moja inaweza kula nusu ukurasa. Kama lazima kiingie, kiwe baada ya *Fools Crow*, maana mkianza nacho mtawajua waliochunwa kama maiti tu.