Corolla ya zamani inachemsha mlimani na nina laki nne na nusu tu, nianzie wapi?

Mama Madumu, Kigoma

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi nauza mawese. Nafuata mzigo vijijini, naushusha soko la Mwanga. Nimechoka kukodi Probox za watu, nikanunua Corolla AE100 kwa mwalimu aliyestaafu, milioni mbili na laki tatu. Chini ya milango kutu, kiti cha nyuma panya wamekila, lakini injini (ni 5A) iliwaka kwa stata moja, nikasema basi, hili ndilo langu.

Tambarare linakwenda vizuri tu. Nikishapakia madumu manane ya lita 20 na kuanza kupanda, mshale wa joto nao unapanda. Wiki iliyopita nikasimama, nikafungua kifuniko cha rejeta nimekishika kwa kanga. Msijaribu. Maji yaliruka yakaniunguza kuanzia kiganja hadi kiwiko. Tangu siku hiyo nasubiri lipoe nusu saa nzima ndipo naongeza maji, na dumu la maji halishuki garini.

Fundi wa kwanza alifunua boneti, akasikiliza dakika mbili, akasema injini imekufa, nitafute ya mtumba: milioni moja na laki nne pamoja na kufunga. Wa pili akasema ni silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini. Hakuna aliyeshika spana.

Nina 450,000, na hiyo ni ya kila kitu maana breki nazo zinalia. Nianzie wapi? Na tafadhali msiniambie niuze, shemeji yangu ameshalisema hilo vya kutosha.

Kijana wa Gungu

Pole na mkono, mama. Kwa dharura: mshale ukianza kupanda, washa hita ya ndani hadi mwisho, feni namba ya juu kabisa, vioo vyote chini. Utatoka jasho wewe, lakini injini itapumua mpaka ufike pa kusimama. Mengine nawaachia wazee.

Fundi Mstaafu, Tabora

Mwanangu, usinunue injini. Hujaambiwa ugonjwa, umeambiwa bei ya jeneza.

Kwanza tujue kama hedi ina kosa. Asubuhi, gari limelala usiku mzima, fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi kabisa, jaza maji, mwambie mtu awashe. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, yatakwisha. Yakiendelea kuchemka kama uji wakati maji bado ni baridi, hapo gasketi ya hedi inapitisha moshi wa silinda kuingia kwenye maji. Halafu chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia na ekzosi: moshi mweupe asubuhi yenye baridi ni kawaida, ule usiokwisha hata gari likishapata joto ndio mbaya. Vyote vitatu visipoonekana, achana na habari ya hedi kwa sasa.

Hatua ya pili ni rejeta. Liendeshe lipate joto, zima, chomoa waya wa feni isije ikakukata, kisha pitisha kiganja karibu na mbavu zake bila kuzigusa. Ukiona sehemu ina moto na ya jirani yake imepoa, mirija ya pale imeziba.

Feni nayo: kwenye hizo Corolla, ukiweka swichi oni na kuchomoa plagi ya swichi ya joto ya feni, feni inatakiwa kuzunguka yenyewe. Ikizunguka, mota ni nzima, umtazame swichi.

Kifuniko usikidharau. Kazi yake si kuzuia vumbi. Kinabana maji yawe na presha, ndiyo maana yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira wake ukiwa umekatika, yanachemka mapema na kumwagika.

Sasa nijibu: hayo maji unayoongeza unayateka wapi?

Mkulima wa Kasulu

Mimi nilitoa thermostati, ile vali inayofungulia maji ya injini njia ya rejeta yakipata moto, miaka mitatu iliyopita na sijawahi kuchemsha. Bure kabisa. Mama, toa hiyo kitu.

Fundi Mstaafu, Tabora

Ndugu yangu wa Kasulu, sijui gari lako ni lipi, lakini kwa injini hii hapana. Thermostati yake ina kisahani cha nyuma kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Toyota wenyewe wameandika kwenye kitabu cha matengenezo kwamba isitolewe hata gari likiwa linachemsha.

Mama Madumu, Kigoma

Shikamoo mzee. Maji ni ya ziwa. Vijana wanaoniosha gari Kibirizi ndio wananijazia.

Fundi Mstaafu, Tabora

Marahaba. Basi tumeshamkamata. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kunywa, lakini yana madini na yana ukali wa magadi. Tazama birika lako ndani, ule ukoko mweupe ndio uliomo kwenye rejeta. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta ya dukani. Ikikushinda, kinga maji ya mvua, yachuje kwa kitambaa. Ukienda dukani kuomba maji ya betri, sema yale yasiyo na asidi.

Mama Madumu, Kigoma

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Mapovu hayakuwepo, oili safi. Fundi wa rejeta alifungua tenki la juu akaniita nione: mirija kama theluthi imeziba kabisa, na alipopitisha waya yakatoka matope mekundu kama udongo wa kufinyangia. Thermostati haikuwepo, sijui nani aliitoa.

Kuzibua rejeta 40,000, thermostati 25,000, kifuniko 10,000, hosi mbili 30,000, kulanti 36,000, ufundi 40,000. Jumla 181,000. Jana nimepanda na madumu manane, mshale ukakaa katikati kama umegundishwa. Nilikuwa nautazama kuliko barabara.

Mzee, sasa breki. Nikikanyaga gari linavuta kushoto, na gurudumu la mbele kulia ndilo linalolia. Nimebakiwa na 269,000. Nianze na pedi?

Fundi Mstaafu, Tabora

Usinunue kitu bado. Fungua magurudumu yote mawili ya mbele, piga picha za pedi, uzilete hapa.